Hotuba ya Kuzindua Chumba cha Upasuaji wa Uvimbe wa Upande wa Kulia, Misima

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ameshindwa kufika. Mheshimiwa mwakilishi wake, ambaye ni mimi. Wenyeviti wa vitongoji, mliokuja na mliotuma salamu. Masheikh, wachungaji, laigwanani wetu, kiongozi wa mila wa wafugaji, na wazee wa boma. Wagonjwa mlioweza kusimama, na wagonjwa mlioketi bila ruhusa: itifaki imezingatiwa. (Makofi machache.)

Mimi ni Afisa Semboja, afisa kwa jina na afisa kwa cheo, Mratibu wa Kamati Maalumu ya Uvimbe wa Tumbo, Chini, Upande wa Kulia. Tumeketi vikao kumi na saba, kumi na sita Korogwe kwa sababu za kimkakati, na kimoja hapa Misima kwa sababu gari lilikwama kwenye tope.

Tumejiuliza, kwa mchakato shirikishi na mtambuka, ni nini hasa kinachowavimbisha wananchi upande wa kulia wakati maendeleo yapo pande zote. Tabibu wenu hapa Misima, Bwana Zaidi, alituletea sababu nyingi kupita kiasi: mara kidole tumbo kilichopasuka na utumbo ukakizingira, mara TB ya utumbo, mara saratani, mara kwa akina mama ni uvimbe kwenye kifuko cha mayai. Akasema kwa kupapasa tu hawezi kujua, anataka ultrasaundi na daktari wa upasuaji. Nikamwambia, "Tabibu, kamati haiwezi kupitisha sababu nne. Chagua moja." Tukapitisha kidole tumbo, kura saba kwa mbili. (Kicheko kwa nyuma.) Aliyecheka akaandikishe jina kwa mtendaji.

Na kwa mujibu wa takwimu nilizonazo kichwani, uvimbe umepungua kwa asilimia sitini na nane tangu nilipoagiza daftari la kuuandika lifungwe. (Makofi ya meza kuu.)

Ili msiseme najisifu, namwita mama Naipanoi, mke wa Tajeu, mfugaji mnayemfahamu, atoe ushuhuda. Mama, sema kwa kifupi na kwa shukrani.

(Mama Naipanoi anapokea kipaza sauti. "Shikamooni wazee. Mume wangu alikuwa na uvimbe hapa chini kulia, kama limau, halafu kama chungwa. Homa, jasho, akakonda. Gari la matangazo likapita bomani, likasema chumba cha upasuaji Misima kiko tayari. Tukamleta kwa pikipiki. Bwana huyu akatuambia tusubiri uzinduzi. Tukasubiri wiki tano. Aliposhindwa kumeza hata maziwa, tabibu Zaidi akatuandikia barua twende Korogwe. Kule wakampima, wakamfungua, wakakuta utumbo umeziba. Haikuwa kidole tumbo. Ilikuwa TB. Wakakata kipande, wakampa dawa za miezi sita. Sasa anatembea, ila ng'ombe hawezi kuwafuata. Daktari aliniuliza, 'Mama, mlikuwa wapi siku zote?' Niliona aibu kumwambia tulikuwa tunasubiri hotuba.")

Ahsante mama, inatosha, kipaza sauti kirudi. Kama mlivyosikia, mgonjwa amepona, na amepona ndani ya kipindi cha uongozi wangu. Kuhusu wiki tano, mgonjwa alikuja kabla ya uzinduzi, na kiitifaki uvimbe haupokelewi kabla utepe haujakatwa. Kuhusu tabibu Zaidi, aliyetoa rufaa bila baraka za kamati, na kwa ugonjwa ambao kamati haikuupitisha, ameshaandikiwa barua ya kujieleza. (Minong'ono. Bibi Mwanaidi anasimama kati ya wagonjwa: "Mwache tabibu wetu, mwanangu. Sisi wengine hatujapona bado.") Nimekusikia bibi, hoja yako itaingizwa kwenye kumbukumbu. Keti.

Nikisema "Uvimbe", mjibu "Kwaheri". Uvimbe. (Kimya.) Uvimbe. (Dereva wake: "Kwaheri.")

Nawashukuru kwa utulivu wenu. Shukrani za pekee kwa mchoraji wetu, aliyekichora chumba hiki kwenye turubai mnaloliona nyuma yangu kwa ustadi mkubwa, hata madirisha yanaonekana ya kweli. Naomba asitokee mtu wa kuchungulia nyuma yake, lile ni shamba la mahindi la watu. Dereva, likunje taratibu, rangi isibanduke. Kesho saa tatu asubuhi kinazinduliwa Mashewa.