Ubongo wa Sella, Miguu Yangu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
...na si kwamba hanipendi, la! Wanzala wangu ananipenda mpaka majirani wa Sarang'ombe wananuna. Shida ni miguu yangu. Nikilala tu, inawashwa kwa ndani, inataka kutembea, inampiga mateke. Wiki sita za ndoa! Na fundi wa mjengo hawezi kupanda ngazi bila usingizi. Jana amebeba blanketi, amehamia kwa kaka yake Kawangware. Nimebaki kunusa mto wake.

Lakini nina mpango! Kuna kliniki Riruta inayofundisha ubongo kutulia. Unabandikwa nyaya kichwani, unatazama ndege kwenye skrini. Ubongo ukitulia, ndege inapaa. Miguu nayo eti inafuata.

Jumatano, 8 Oktoba
Nilisukwa kwanza. Masaa matano! Mke wa mtu haendi kliniki kichwa ovyo. Murunga, anayeendesha mashine pale kliniki, akaitazama misuko yangu, akauliza nyaya azibandike wapi, kwenye paa? Nifumue. Tena nikapimwe madini ya chuma kwenye damu, eti yakipungua miguu huhangaika, na mashine yenyewe bado wanaijaribu. Nifumue? Na Wanzala hajaiona!

Ijumaa, 10 Oktoba
Akili ninayo. Sella wa mlango wa pili amenyoa upara, na hata ploti nzima ikigombana yeye anapiga miayo. Nimemtuma kliniki kwa jina langu. Ndege ikapaa, ikakataa kushuka! Murunga akaandika: Nasambu ametulia kabisa. Nikaipiga karatasi picha, nikamtumia Wanzala. Akajibu anakuja leo leo. Moyo wangu!

Jumamosi, 11 Oktoba
Aliisifu misuko. Akalala dakika ishirini. Teke langu likamtupa kwenye masufuria. Asubuhi akauliza karatasi ni ya nani. Yangu, nikasema. Sella, mswaki mdomoni, akadakia: "Wacha uongo! Shemeji, hicho kichwa ni changu, na kwenye mashine nililala fofofo."

Wanzala akabeba blanketi. Akasema mateke angevumilia, uongo hapana. Nifumue, nipimwe damu, kisha nimwite.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimelia. Nimefikiri. Kosa nimeliona: Sella hajawahi kupenda! Ubongo kama huo utaitulizaje miguu ya mke mwenye mapenzi? Celine, binamu yangu, amevishwa pete juzi, na nywele zake ni fupi. Amekubali kunikalia kwenye mashine. Misuko inabaki.

Wanzala, mpenzi, nivumilie. Kabla mwezi huu haujaisha nakuja Kawangware, karatasi mpya mkononi!