Jaji wa Muhuri Mmoja

Kwa heshima na taadhima, wakazi wote wa nyumba ya njano pale Satwa, ughaibuni, walitangaziwa kwamba uchaguzi wa Jaji wa Mahakama ya Nyumba ungefanyika Ijumaa saa kumi jioni, mbele ya friji. Tangazo lilibandikwa na Jaji mwenyewe, Mheshimiwa Gerishom, aliyekuwa akiwania muhula wa nne kwa unyenyekevu mkubwa, kwani hakuwa na mpinzani.

Muhula wa kwanza aliupata kwa sifa. Kabla ya kuja kulinda mlango wa jengo kule Marina, aliwahi kulinda lango la mahakama Kakamega. Watu thelathini wanaogombania jiko moja walihitaji mtu wa sheria, naye sheria alikuwa ameiona ikipita. Mihula iliyofuata aliipata kwa Kanuni ya Nne, aliyoitunga mwenyewe: mshtakiwa hagombei wala hapigi kura mpaka kesi yake iamuliwe. Boaz alipotangaza nia ya kugombea, kesho yake alishtakiwa kwa kuacha sufuria chafu. Kesi ikaahirishwa. Huu ulikuwa mwaka wa pili. Sufuria ilishaoshwa, ikatoboka, ikatupwa.

Kuahirisha ndicho kilichokuwa kipaji cha Gerishom. Alichongesha muhuri wa neno moja, IMEAHIRISHWA, na hakuona haja ya mwingine. Kanuni ya Sita nayo ilisema uamuzi usio na muhuri si uamuzi.

Kufikia Ijumaa hiyo kila mkazi alikuwa mshtakiwa, isipokuwa Jaji na Khairunisa, fundi wa kushona kutoka Lamu. Khairunisa hakuwa mshtakiwa, alikuwa mwenye kielelezo. Sammy alimshtaki mwenzake kwa kumchania suruali ya kazi, na mahakama ilipokwenda kuichukua suruali iliikuta chini ya sindano ya Khairunisa, ikishonwa. Ili ushahidi usivurugwe, ikabeba suruali pamoja na cherehani. Miezi mitano sasa Kielelezo Namba Moja kilikaa chumbani kwa Jaji, naye alianika soksi juu yake.

Khairunisa alikuwa amepata nafasi katika duka la ushonaji mtaa wa pili. Arbab, yaani bosi wa duka, alimwambia aje na cherehani yake Jumamosi asubuhi, la sivyo, khalas. Mara nne alimwendea Jaji. Mara ya nne Jaji alimweleza kwa upole kwamba haki ni kama biriani: ukiifunua mapema, unakula mchele mbichi.

Ijumaa, Gerishom alisimama mbele ya friji ndani ya joho jeusi alilowahi kushonewa na Khairunisa huyo huyo. Rispah, karani wa mahakama, akauliza kama kuna kesi mpya kabla ya kura.

"Ipo," akasema Khairunisa, akimpa karatasi. "Namshtaki Jaji. Amenizuilia cherehani."

Watu wakacheka. Gerishom akatabasamu tabasamu la mtu wa mihula mitatu. Mkono wake ukaingia mfukoni wenyewe, kama ulivyozoea, ukatoka na muhuri. Kap.

"Hadi baada ya uchaguzi," akasema. "Anayefuata."

Rispah aliitazama karatasi, akazitazama kanuni ukutani, akairudia karatasi.

"Mheshimiwa, hii imeahirishwa."

"Najua. Nimeiahirisha mimi."

"Basi wewe ni mshtakiwa."

Gerishom akaagiza kesi ifutwe papo hapo. Rispah akamuuliza ataifuta kwa muhuri gani.

"Yalla, mkubwa," akaita Boaz kutoka kwenye sinki. "Njoo ukae na wahalifu wenzako."

Akiwa ndiye pekee asiye mshtakiwa, Khairunisa aligombea, akajipigia kura, akashinda kwa kura moja kwa sufuri. Rispah akatangaza kwamba uchaguzi ulikuwa huru na wa haki, na waliojitokeza ni asilimia mia. Jaji mpya akaichana Kanuni ya Sita, akamrudishia Sammy suruali yake, akafuta kesi zote. Zote, ila moja. Kwa hiyo moja, muhuri aliubakiza.

Jumamosi asubuhi Gerishom alimngoja mlangoni, akamuuliza kesi yake itasikilizwa lini.

"Biriani bado iko motoni, kaka Gerishom," akasema Khairunisa, akiinamia cherehani. "Wewe shika huku kwenye uzito, tuipeleke dukani."

Akashika.