Profesa na Saa Inayong'aa

Kibao kwenye ukuta wa zahanati kilisema HATARI: MIONZI. Wapita njia walikisoma wakaongeza mwendo. Profesa, aliyeacha shule darasa la saba na cheo hicho akajipa mwenyewe, alikisoma akatabasamu. Ukuta ule ulipakana na nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, na mwenye nyumba, mama mtu mzima mwenye miwani, alikuwa barazani anashona kifungo.

Mtaji wa Profesa ulikuwa vitu viwili. Cha kwanza ni kipimo cha mionzi, kizima kabisa, alichokinunua kwa wauza vyuma chakavu. Cha pili ni saa kuukuu ya mkononi, zile ambazo namba zake zilipakwa radiamu ili ziwake gizani. Viini vya atomi za radiamu huvunjika na kurusha miale ya gama, na kipimo kikiinusa hulia. Hayo Profesa hakuyajua wala hakujali. Aliitia saa mfuko wa mbele wa suruali, na vitu hivyo viwili vilikuwa vimemlisha miaka mitatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unauza nini?"

"Siuzi, mama. Naokoa watu."

Akakisogeza kipimo ukutani, na kiuno nacho akakisogeza. Tik-tik-tik-tik!

"Hee! Ni nini hicho?"

"Sumakuumeme, mama. Inatoka kwa jirani, inapenya tofali, inapenya godoro, inakwenda kukaa kwenye mifupa. Wapangaji wakisikia, watahama wote. Dawa yake mabati ya madini ya risasi, na bahati yako ninayo sita."

Mabati yenyewe alikuwa ameyabandua kwenye banda la kuku, akayapaka rangi ya kijivu.

"Leo Jumapili, zahanati imefungwa," mama akasema. "Mashine ya eksirei ukiizima si imezimika, kama taa?"

"Mashine imezimika, mama, lakini mionzi imeganda ukutani. Kama harufu ya vitunguu."

Mama akaweka sindano chini. Miaka thelathini na moja alikuwa amepiga watu eksirei katika hospitali kubwa. Hakuulizwa, naye hakusema. Matapeli wana kasoro hiyo: huchunguza pochi ya mtu, mwenye pochi hawana habari naye.

"Hebu nione."

Akakitembeza kipimo ukuta mzima. Kimya. Akamgeukia Profesa. Tik. Akakishusha usawa wa mfuko, kikalia mfululizo.

"Una nini humo?"

Profesa akaitoa saa.

"Umeibeba tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Mfuko huohuo?"

"Huohuo."

"Umeoa?"

"Nimeoa."

"Watoto?"

"Bado." Miaka mitatu mkewe alikuwa akinyweshwa kila dawa chungu aliyoletewa na mama mkwe, na yeye Profesa akiapa mbele ya ukoo kwamba kasoro haiko kwake.

"Mama, nitapata mtoto kweli?"

Mama alijua kwamba mfuko si mahali pa saa ile, lakini pia kwamba si rahisi saa ya mkononi kukausha ukoo wa mtu. Hilo la pili akalimeza. Akaingia ndani, akatoka na aproni ya kijivu ya wapiga eksirei aliyokuwa ameitundika kwenye ufito mrefu, maana aproni ya risasi ikikunjwa hupasuka. Hii ilikwisha pasuka zamani, ndiyo maana hospitali iliitupa.

"Kilo saba za risasi ya kweli. Usiikunje, wala usiivue: mionzi imeganda kiunoni."

"Nipe, mama!"

"Naokoa watu, mwanangu, lakini sitoi sadaka."

Profesa aliacha pesa zote za mfukoni, mabati sita, kipimo na saa, akaondoka juani amefunga aproni, akimshukuru mama kwa machozi ya kweli. Saa mama aliifungia kwenye kopo la chuma, akaipeleka stoo ya uani. Kwa mabati akaezeka banda la kuku.

"Umeanza kazi buchani?" mkewe alimuuliza mlangoni.

Profesa akamweleza yote, macho chini.

"Kwa hiyo haivuliwi?"

"Haivuliwi."

"Hata kitandani?"

"Kitandani ndiyo hasa."

Mkewe akaichukua chupa ya dawa chungu iliyokuwa dirishani, akaimwaga nje mpaka tone la mwisho.

"Basi kamwambie mama yako," akasema, "mjukuu wake atakuja kwa posta."