Divai na Kabati la Mama Hortense

Jumatatu, tarehe 6 Juni 1983

Leo ni miaka miwili na miezi minne tangu niondoke kwetu Baraka. Mgongo wangu unaijua kila siku. Hapa bandarini, asubuhi magunia ya mahindi kutoka Nyunzu, mchana saruji ya Kabimba. Saruji ni mbaya zaidi. Inachanganyika na jasho, jioni unajibandua kama ukuta.

Niliapa mbele ya baba mkwe kwamba sitarudi nikiwa mbeba magunia. Nitarudi mtu wa funguo, magazinye anayetunza ghala la depo, kalamu nyuma ya sikio. Mwaka jana nilimwandikia mke wangu Alphonsine kwamba funguo nimekwisha kuzipata. Kwa hiyo sasa lazima nizipate.

Na nafasi imekuja. Magazinye wetu anahamia Kabalo. Mkubwa wa depo, Papa Onésime, atachagua kati ya wawili: mimi na Hubert, tunayebeba naye. Hubert alifika darasa la sita. Mimi la tano, lakini mwandiko wangu ni mzuri.

Papa Onésime anamwoza binti yake, Denise. Jumamosi wakwe wanakuja. Mjomba wa bwana harusi, Sitwayeni Évariste, maana siku hizi hatusemi Bwana, ni injinia aliyesoma Ubelgiji. Inasemekana hanywi ila divai nyekundu iliyokomaa katika mapipa ya mwaloni wa Ufaransa. Papa Onésime akauliza nani hapa anajua divai. Mdomo wangu ukajibu kabla sijafikiri. Nilisema nilishughulika na divai ya mapadri miaka mitatu. Ni kweli. Nilibeba makasha.

Mimi ni Mprotestanti. Siku ya ubatizo niliapa kutogusa pombe, na sijawahi kuonja divai. Hakuna aliyeniuliza hilo.

Jumanne, tarehe 7

Kasha la divai la Papa Onésime limefika kwa meli kutoka Bujumbura. Chupa kumi na mbili, zote tofauti. Nilizipima uzito mkononi. Nikaingiza kidole gumba chini ya kila moja, maana padri mmoja alisema kitako kikizama sana, divai ni ya heshima. Nikatazama picha zilizobandikwa. Jumba la minara minne lazima lishinde la minara miwili. Papa Onésime alinitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

Halafu nikasoma maandishi madogo. Chupa mbili tu zinataja mapipa ya mwaloni. Kumi zimenyamaza.

Hubert aliyaona pia. Akaninong'oneza: "Edmond, ndugu yangu, umupe injinia hizi mbili. Wengine watajuaje?" Shauri zuri. Lakini ni la Hubert, na nikilifuata, funguo ni zake. Nikamwambia Papa Onésime kwa sauti kwamba wakwe wote, tangu injinia hadi shangazi wa mwisho, watakunywa ya mwaloni. Akanishika bega. Akasema kumbe watu wa akili ndio wanabeba magunia.

Hubert alinisaidia kubeba kasha hadi ninapopanga. Sikumwomba.

Jumatano, tarehe 8

Sikutulia kazini. Gunia moja nimelipeleka kwenye behewa lisilo lake. Mwaloni ni mti gani? Naujua ule wa Ibrahimu katika Mwanzo, basi.

Jioni nikaenda kwa Anatole, seremala wa karibu na stesheni. Akanicheka. "Mwaloni hauoti Zaire," akasema, "lakini wewe unalala nao nyumba moja." Ni kabati la Mama Hortense, mwenye nyumba wangu, mjane wa fundi wa treni. Mumewe alilinunua kwa Mbelgiji aliyekuwa anafunga mizigo mwaka wa sitini. Anatole aliwahi kutengeneza mlango wake. Mwaloni wa Ufaransa mtupu.

Nikafikiri njia nzima. Divai hukaa ndani ya mwaloni. Je, mwaloni ukikaa ndani ya divai? Sioni tofauti.

Alhamisi, tarehe 9

Mama Hortense alikwenda sokoni kuuza ndagala, samaki wake wadogo. Nikasogeza kabati, nikabandua ubao mmoja wa nyuma, chini kabisa, usioonekana. Ndani makoti ya marehemu yananing'inia bado, na vidonge vyeupe vya kufukuza nondo vimejaa sakafuni mwake. Anavibadilisha kila Krismasi, miaka saba sasa. Ubao una harufu kali inayopanda hadi machoni. Nikafurahi. Sasa najua mwaloni unanukaje.

Nimeupasua vipande vidogo, nikavitia katika chupa kubwa ya lita kumi iliyovikwa ukindu, nikamimina divai yote juu yake. Hata ile ya mwaloni. Mwalimu wetu alikuwa anamkalisha mjinga karibu na mwenye akili, ili mjinga ajifunze. Ila chupa moja kati ya zile mbili siioni. Labda Jumanne nilihesabu vibaya.

Ijumaa, tarehe 10

Nimenusa mara kumi na nne. Harufu inaongezeka. Nimetembea hadi daraja la Lukuga na kurudi, mara mbili, nikijizoeza mwendo wa mtu wa funguo: mkono mmoja kiunoni, ili zisipige kelele.

Jumapili, tarehe 12

Nitaandika ya jana, niyamalize.

Uwanja ulijaa. Papa Onésime katika abakosi mpya, suti isiyo na tai. Injinia Évariste, mtu mpole mwenye miwani. Mama Hortense na wenzake wa kikundi cha kanisa. Nikaingia na jagi. Papa Onésime akawaambia wakwe: "Papa Edmond njo alichagua." Nikainama, nikamnyooshea injinia bilauri.

Hakuipokea. Shangazi wa bwana harusi, Mama Elisabeth, akasema: "Aonje kwanza mwenye kuleta."

Bila shaka. Baraka ni hivyo, Zongwe ni hivyo, ziwa lote ni hivyo. Mwenye kuleta kinywaji anakunywa kwanza, watu waone hajatia kitu. Nimeliona hilo tangu utoto. Juma zima niliwaza mwaloni tu.

Nikasema mimi ni Mprotestanti.

Muntu analeta pombe na hataki kuionja. Mama Elisabeth akachukua mkoba wake. Wakwe wawili wakasimama. Denise akaanza kulia.

Nikanywa. Bilauri nzima, na kiapo changu cha ubatizo kikashuka pamoja nayo. Sijui divai ina ladha gani. Hii ilikuwa na ladha ya sanduku. Machozi yakanitoka. Nikasema ni ya furaha.

Injinia akaonja kidogo. Akatazama ndani ya bilauri muda mrefu, akauliza kwa upole mapipa yalikuwa na nini kabla ya divai. Mama Hortense alikuwa amepewa yake. Akanusa, akainuka polepole. "Hii njo harufu ya marehemu wangu," akasema. Watu wakamwonea huruma. Akanusa tena. Akanitazama mimi. Akakaza kitenge, akashika njia ya nyumbani haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

Hapo akatokea Hubert na ile chupa niliyodhani nilihesabu vibaya. Ameifuta vizuri. Akaonja kwanza bila kuambiwa. Hubert ni Mkatoliki. Injinia akanywa, akafumba macho, akasema ndiyo hii. Mama Elisabeth akaweka mkoba chini. Ndoa imepona.

Jumanne, tarehe 14

Hubert ana funguo. Saba. Hazishiki anapotembea, zinasikika hadi gati.

Mama Hortense hakunifukuza. Nitamchotea maji hadi Anatole apate ubao wa kuziba, na Anatole anasema tena kwamba mwaloni hauoti Zaire. Divai iliyobaki Mama Hortense ameiweka ndani ya kabati, kati ya makoti. Anasema vidonge havihitajiki tena.

Papa Onésime naye alitaka nirudi Baraka kwa meli ya kesho. Denise aliniombea. Nimeongezewa kazi ya choo cha wafanyakazi. Lakini choo kina kufuli, kufuli lina ufunguo, na ufunguo ninao mimi. Hata Hubert lazima aje kuuomba. Leo amekuja mara mbili. Nilimwuliza sababu.

Kosa langu nimeliona. Sikukosea mti, nilikosea kabati. Anatole anasema mabenchi ya kanisa la Wakatoliki ni ya mwaloni wa Ulaya pia, na hayajawahi kuona kidonge. Krismasi injinia atakuja kumsalimu Denise. Benchi la nyuma kabisa halikaliwi na mtu.

Nimemwandikia Alphonsine kwamba ufunguo ninao, na safari hii sikudanganya. Amwambie baba yake anisubiri Januari, meli ya kwanza ya mwaka. Nitakuja nao mkononi.