Kuhusu Likizo ya Mwalimu wa Hesabu na Goti Langu la Kulia

Kwa Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana mimi naiandika nimekaa na sina namna nyingine. Mimi ni fundi cherehani, mke wa mwalimu wako wa hesabu, yule ambaye wanafunzi humwita Kipeo. Wiki mbili zilizopita niliteleza juu ya kipande cha kitambaa cha bitana katika chumba changu cha kushonea, goti la kulia likagonga mguu wa chuma wa cherehani. Daktari alisema mfupa ni mzima ila kano zimevutika. Nifanye mazoezi ya kulikunja, na nisikanyage pedali mpaka atakaponiruhusu. Wewe, kwa huruma yako, ukampa mume wangu likizo ya wiki tatu aniuguze. Kwa heshima zote, naomba umrudishe shuleni. Sababu zangu ni hizi:

1. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi husimama mlangoni mwa chumba cha kulala na kuita mahudhurio. Niko peke yangu kitandani. Siku ya kwanza nilinyamaza, akaniandika mtoro.

2. Amekuja na kile kipimapembe kikubwa cha mbao cha ubaoni, ambacho nadhani ni mali ya shule. Hukiegemeza kwenye goti langu kupima limejikunja digrii ngapi. Jumatatu zilikuwa thelathini na tano. Nikamwambia, "Baba watoto, linauma sana." Akauliza, "Sana ni ngapi? Onyesha njia."

3. Jirani yetu, mama muuza mkaa, alikuja kunipa pole, akataja kwamba na goti lake humsumbua akipanda ngazi. Sasa huja kila siku, naye hupimwa. Matokeo yamebandikwa ukutani jikoni. Mimi, ambaye darasa hili lilianzishwa kwa ajili yangu, ni wa pili kati ya wawili.

4. Hupokea wateja wangu. Bibi mmoja anayejiandaa kumwoza binti yake alifika kupimwa gauni. Mume wangu akafungua daftari langu la vipimo, akapiga hesabu, akamtangazia kuwa kiuno chake kimeongezeka kwa asilimia kumi na nne tangu mwaka jana. Bibi akakunja kitambaa chake akaondoka nacho. Nilimsikia mume wangu akimfuata hadi barabarani kumweleza kwamba ameihakiki hesabu mara mbili.

5. Juzi alinikuta naitazama cherehani iliyofunikwa shuka. Miaka ishirini na sita mguu huu umekanyaga pedali ile, na nilikuwa najiuliza kama utaikanyaga tena. Akaondoa shuka, akavuta kigoda, akasema, "Wewe shika kitambaa, mimi nitakanyaga." Akakanyaga kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Mkono wa shati ukashonwa ukazibika kabisa. Nilicheka mpaka nikalia, na daktari alikuwa amenikataza kutikisika.

Ikiwa haiwezekani kumrudisha, basi niandikishe rasmi kuwa mwanafunzi wako. Wanafunzi wana mapumziko ya saa nne, wana Jumamosi na Jumapili, na wana wazazi wa kuja kulalamika kwa niaba yao. Ikiwa umri wangu ni kikwazo, mpandishe cheo awe msaidizi wako, apate mikutano mingi hata siku za mapumziko.

Nisalimie walimu wote, mpishi, mlinzi wa getini, na wanafunzi wa kidato cha pili, ambao naambiwa wamenawiri tangu aondoke.

Wako katika kuchechemea,

Fundi Cherehani, mke wa Kipeo

Nyongeza: Asubuhi hii ametoka kwenda kununua nyuzi. Nikaupata utulivu nilioudai, nikaufurahia kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha nikaanza kutazama mlango. Watoto wetu wameshaoa na kuolewa, wako kwao, na katika ndoa yetu yote, kabla ya likizo hii, hatukuwahi kukaa pamoja mezani Jumatano mchana. Naomba umwongezee wiki mbili. Mwambie ni uamuzi wa ofisi, na barua hii uichane. Namsikia anafungua geti. Acha nikongoje nikambandikie maji ya chai.