Gari la Kwanza la Sabra, Kama Nilivyolichagua Mimi

Jumatatu, 9 Juni 2025, Nyamisati

Leo nimedharauliwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Sabra, binti yetu mkubwa, miaka kumi na tisa, amerudi na leseni ya udereva. Alhamdulillahi. Mama yake, Mwajabu, akatangaza kuwa fedha za kamba zimetosha: litanunuliwa gari dogo, Sabra awe anapeleka kamba sokoni Kibiti. Bodaboda wamemchosha. Kabla ya Idi mmoja alianguka na ndoo zote, kunguru wakala kamba wetu njia nzima. Mpaka hapo sina neno. Nikakohoa, nikakaa sawa, nikangoja kukabidhiwa kazi ya kuchagua. Akamkabidhi Hashimu!

Hashimu ni shemeji yangu, mdogo wake Mwajabu, dereva wa gari la shule huko Kibiti. Ana nini Hashimu? Kuendesha tu! Mimi nimenunua mashua nne maishani mwangu na zilizozama ni mbili. Na gari nimeliendesha, Temeke, zamani, mita kama thelathini hivi. Ukuta ulikuwa umejengwa vibaya.

Keshatoa na masharti. Breki zishike, mikanda ishike, mifuko ya hewa iwemo, tairi zisiwe vipara, injini isiwe kubwa maana dereva ni mgeni. Tena gari analo tayari, la mwalimu Zuena wa Bungu, ambaye anahamishwa. Nalijua lile. La kijivu, dogo, kama kabati la vyombo. Binti yangu mimi, Maneno, apite na kabati mbele ya Twalha! Twalha ni jirani yangu, naye huanza kucheka kabla jambo halijatokea.

Nitawatangulia wote.

Jumanne, 10 Juni

Kibiti, kwa siri. Nimemwambia Mwajabu nafuatilia kibali cha boriti zangu za mikoko. Nikaonana na Bushiri, dalali wa magari, muungwana sana, kanipa kiti na soda kabla hajaniuliza shida yangu. Kisha akanionyesha gari. Mashallah! Refu, jeupe, limekaa juu, ngao ya chuma mbele, taa sita juu ya paa, honi kama ya meli. Nikaligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, kama mtu anavyogonga mashua. Likajibu kwa sauti nzito. Nikajua hiki chombo.

Sikutaka kuonekana mjinga, nikauliza masharti ya Hashimu moja baada ya jingine. Mkanda wa dereva? Haushiki, lakini Bushiri kanieleza kwamba mikanda iliwekwa kwa ajili ya magari mepesi, ambayo mtu anaweza kupeperuka. Mifuko ya hewa? Ilikuwamo, ikatolewa kupunguza joto. Tairi? Vipara, ndiyo, ila msumari haupati pa kushika. Sakafuni upande wa abiria pana tundu, barabara unaiona. Bushiri anasema wenye magari mapya wanalipia kamera ili waone hivyo hivyo. Kila swali lina jibu lake. Hashimu angeweza kujibu namna ile? Thubutu!

Jumatano, 11 Juni

Leo nimekwenda Bungu kuua soko la kabati. Mpango: kumtia mwalimu Zuena huruma ya gari lake mwenyewe, asiliuze. Nikamkuta anafunga mizigo. Nikamwambia gari lililomtunza miaka yote hii si kitu cha kuacha nyuma. Nikamwambia vijana hawana imani na vyombo. Nikafika mpaka kusema binti yangu ana mguu mzito. Mama wa watu akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nikajua nimeshinda.

Akasema tangu atangaze kuuza hajaona mnunuzi mkweli kama mimi. Wengine wote waliliponda gari ili wapunguziwe. Akapunguza bei! Akaongeza tairi jipya la akiba na mazulia ya miguuni, akampigia Mwajabu simu palepale kunisifu.

Nyumbani nimepokewa kwa wali na kamba wa nazi. Mwajabu anasema kumbe nikitaka najua kupatana. Nimepokea sifa. Ningefanyaje? Lakini sahani zilipotolewa nikaleta langu: haki itendeke, na gari nililoliona Kibiti liletwe, yote mawili yajaribiwe Ijumaa baada ya sala. Alikuwa amefurahi, akakubali. Sharti moja tu. Atakayechagua ni Sabra, kwa kuwa roho itakayokuwa nyuma ya usukani ni yake.

Alhamisi, 12 Juni

Limefika! Mtaa mzima umetoka. Hata Twalha alisimama, kisha akakumbuka kuwa gari ni langu, akakaa.

Dereva wa Bushiri kaninong'oneza siri moja. Breki zake haziitikii mguu wa kwanza. Unakanyaga mara tatu, ya tatu ndiyo inashika. Nimependa sana. Gari lenye heshima, unalipigia hodi mara tatu kama nyumba ya watu. Nitamwambia Sabra kesho, leo nina kazi.

Kazi yenyewe ni kulijaribu kama linavuja. Hakuna chombo kinachoshuliwa majini Nyamisati bila jaribio hilo. Nikaingia ndani, nikapandisha vioo, Sabra akamwaga maji kwa ndoo. Likavuja pande zote. Sikushtuka. Mashua nayo huvuja mpaka mbao zinywe maji zivimbe. Sabra akasema, kwa adabu, kuwa bati halivimbi, baba. Watoto wa siku hizi!

Basi nikalikalafati. Pamba kwenye milango, pamba kwenye lile tundu la sakafuni, nikasindilia kwa patasi, nikapaka mafuta ya papa. Sasa linashika maji vizuri. Linanuka kidogo. Paka wote wa Nyamisati wamelala juu ya paa lake na ukiwafukuza wanarudi.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili umeshika barafu ya kamba kwenye paji la uso.

Gari la mwalimu Zuena ndilo lililoanza. Sabra na Hashimu wakafunga mikanda, wakaenda, wakasimama, wakarudi. Hakuna la kuandika.

Likaja langu. Nikapanda mbele na kanzu yangu ya Idi. Sabra akavuta mkanda, haukushika. Akavuta tena. Akasema basi atakwenda taratibu, mwendo wa mtu kutembea. Na Twalha yuko barazani kwake anatazama! Nikamwambia mwanangu kanyaga mafuta, usitutie aibu, gari kubwa haliendeshwi kama jeneza. Akaongeza kidogo, kwa kunitii.

Tukashika mteremko wa gatini. Akakanyaga breki. Kimya. Hapo ndipo nilipokumbuka lile jambo la mara tatu. Nilitaka kumwambia, Mungu shahidi. Kilichotoka kinywani ni: nanga! Tia nanga!

Mbele yetu kina mama na mabeseni yao. Sabra hakupiga kelele. Akarudisha gia, injini ikalia vibaya, akakata usukani kushoto, tukaacha njia, tukaingia kwenye tope la mikoko. Likatumeza mpaka milangoni. Paji langu likapasua kioo.

Nikageuka kumtazama. Mdomo umechanika kidogo, mikono bado iko kwenye usukani. Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo naandika: niliogopa. Niliogopa mpaka jina la mwanangu likanitoka kichwani, nikawa nasema tu wewe, wewe, wewe. Yeye ndiye aliyeniuliza kama nimeumia.

Mwajabu alikuja peku katikati ya tope. Akamshika Sabra uso, akamshika mikono, akamhesabu vidole kama mtoto aliyezaliwa leo. Mimi hakunitazama. Ni heri angenitukana.

Kisha maji yakaanza kujaa, na leo ni bamvu, maji makuu. Kufika alasiri gari lilikuwa kwenye maji mpaka madirishani. Wakaja watu na kamba za kuvutia mashua, Twalha mbele kabisa, ndiye aliyeshika wimbo wa kuvuta. Hajawahi kuwa na furaha kama ile. Jambo moja lisemwe kwa haki: kalafati yangu haikuachia. Maji yaliyoingia madirishani yalishindwa kabisa kutoka.

Sabra amechagua la kijivu. Hakuulizwa mara mbili.

Jumamosi, 14 Juni

Bushiri kaja. Uungwana wote ameuacha Kibiti. Anasema gari nimelitia chumvi, pamba, na kitu kingine ambacho hakijui lakini anakisikia puani. Nikamwambia breki zake ndizo zilizotufikisha majini. Akasema breki ni nzima, dereva wake alinieleza matumizi. Akaniuliza mbele ya mke wangu: nilielezwa, sikuelezwa?

Mwajabu akageuka kunitazama. Ndiyo mara ya kwanza tangu jana, na si mtazamo nilioungoja.

Mwisho wa yote Bushiri kachukua boriti zangu zote nilizokuwa nazo uani, na gari lake. Nilimbana sana hapo. Alitaka kuniachia gari, nikakataa katakata.

Jumanne, 17 Juni

Safari ya kwanza ya kamba. Baba mtu lazima awepo. Nikakaa siti ya mbele. Sabra akaniambia nifunge mkanda. Nikamweleza kwamba mkanda unakunja kanzu, na kwamba mimi ni baba yake. Akazima gari.

Tukakaa. Kamba kwenye barafu, jua linapanda, watu wanatazama. Sabra akasema, taratibu kabisa, kuwa baba nakuheshimu, lakini gari hili haliondoki na kichwa chako kikiwa hivyo. Bado nina bandeji. Nikashuka! Niliamini atanibembeleza. Akaniaga kwa adabu, akaondoka.

Nikatembea. Kanzu, jua, vumbi. Baada ya kona nikamkuta amesimama kivulini, mlango wa abiria uko wazi, amenyoosha mkono ameushika mkanda, ananingojea. Nikaingia, nikafunga. Machozi yalinilenga, nikasingizia vumbi. Anaendesha vizuri mtoto yule. Bila shaka amerithi kwangu.

Jumapili, 22 Juni

Wiki nzima kamba wamefika Kibiti wakiwa wazima, na mwanangu amerudi mzima. Watu wanauliza: gari zuri hili, salama, bei nafuu, nani kalichagua? Nimewajibu ukweli, kuwa aliyepunguziwa bei na mwalimu Zuena ni mimi. Hayo mengine hawajauliza.

Leo alasiri nani kaja barazani kwangu? Twalha! Hacheki. Kakaa chini, kanishika mkono. Mwanawe Saidy kapata leseni, na yeye anaogopa, usiku halali. Anataka mtu mwenye uzoefu amsaidie kumchagulia mtoto gari. Nimemhurumia kwa kweli. Ni mzazi kama mimi.

Bahati ilivyo, Bushiri alipiga simu jana, tumepatana, yaliyopita yamepita. Ana kirikuu kimoja, kigari cha mizigo, kiko imara, bei ya kutupa, ila hakina milango. Twalha akaniuliza mara mbili kama kweli ni salama kwa kijana. Nikamwambia hicho ndicho salama kuliko vyote, maana mtoto hawezi kubanwa kidole.

Akafikiri sana, akasema kweli, hilo yeye hakuwa amelifikiria.