Mashua Inayovuja Nchi Kavu

Jumamosi, 5 Februari 1983

Mashua imekwisha! Wiki tano za jasho, hapa hapa mbele ya mlango wetu mtaani Ziwani, Nairobi, kwa mikono hii inayoandika. Mbao za makasha ya kiwandani kwetu. Urefu hatua tano. Mdomo umechongoka vizuri, ingawa umeelekea kushoto kidogo. Lenah, mke wangu, ameizunguka mara mbili. Nikamwambia aseme chochote. Akasema babake atafurahi. Moyo wangu ukajaa.

Maana niliahidi. Krismasi, kwao Port Victoria kando ya ziwa, nilisimama mbele ya wakwe wote nikatangaza kwamba Mzee hatakaa tena ufukweni akitazama wenzake wakivua. Mtumbwi wake uliozea majini miaka miwili iliyopita. Nikasema mwezi wa pili hautaisha kabla sijamletea mashua niliyoiunda mwenyewe. Makofi! Mzee alinishika mkono akashindwa kuuachilia. Sikuwa nimewahi kuunda hata kigoda. Lakini nani aliuliza?

Lori la Gichuru, dereva wa kiwandani, linaelekea huko Jumamosi tarehe 19. Amekubali kutubeba. Muda tele.

Jumapili, 6 Februari

Jaribio. Baada ya kanisa nimeijaza mashua maji, nione kama yatakaa ndani. Ndoo kumi na nne. Hayakukaa. Yalitoka pande zote kwa mpigo mmoja, yakaenda moja kwa moja mlangoni kwa Kabiru.

Kabiru ni jirani. Anatengeneza vitanda Shauri Moyo na hajaliona ziwa maishani mwake. Akatoka na viatu vya kanisani, akakanyaga maji. "Kapteni," akasema, "sasa hata Ziwani imepata ziwa." Kisha akatoa futi yake mfukoni na kuipima mashua, bila kuombwa. Eti ikishindikana, mbao zitatosha kabati la milango miwili. Mgonjwa bado anapumua, jirani anapima jeneza!

Lenah anasema mashua mpya hunyweshwa. Unaijaza maji, inavuja, unaongeza, inavuja, unaongeza. Siku ya tatu mbao zimevimba zikabanana zenyewe. Kwao hata watoto wanajua. Nikamweleza kwa upole kwamba maji ndiyo ugonjwa wenyewe, na mtu wa malaria hatibiwi kwa kuongezewa mbu. Akaenda kupika.

Jumanne, 8 Februari

Nta! Nimeyeyusha mishumaa kumi na miwili nikaimimina kwenye mianya. Nilitoka kazini nikikimbia ili nione matunda. Jua la mchana lilikuwa limeiyeyusha yote. Kuku wa Kabiru amenata mguu. Kabiru akaniuliza kama mashua ni ya samaki au ya ibada.

Alhamisi, 10 Februari

Wazo limenijia kiwandani. Nyapara wetu alikanyaga chingamu, akavuta mguu, kiatu kikabaki. Basi kitu kinachomshinda nyapara kitashindwa na maji? Nimenunua pakiti thelathini. Nilitafuna mpaka saa nne usiku. Taya limekufa, siwezi kutamka hata jina langu. Lenah anasema nyumba leo ina amani.

Jumamosi, 12 Februari

Chingamu haishiki mbao zenye unyevu. Kwa hiyo: majiko matatu ya makaa chini ya mashua, jua kali juu yake. Mbao zimelia ta! ta! mchana kutwa. Sauti ya mafanikio. Mianya mingine imepanuka hata kidole kinapita. Nadhani ni hewa mbaya inatoka.

Lenah alisimama mlangoni mikono kiunoni. Akasema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Nikamkumbusha kwamba sisi ni Wakristo.

Jumatatu, 14 Februari

Janga! Niliomba ruhusa kazini kwa sababu ya jino. Si uongo mtupu, taya bado linauma. Nilikuwa nje nikisugua mashua, nimeipindua juu chini, mara nikasikia sauti ya Mama mkwe akipiga hodi mlangoni kwetu. Kumbe alifika jana kwa mwanawe Javan kule Shauri Moyo, amekuja kutibiwa macho.

Kwetu mume wa binti na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Ni heshima. Lakini nyumba ya kaunsili ya jiji ni chumba kimoja na mlango mmoja, naye alikuwa kati yangu na mlango. Ningefanya nini? Nikajiingiza chini ya mashua.

Humo gizani nikaona baraka. Kila tundu lilikuwa linapitisha mwanga! Nikatoa chaki nikaanza kuyazungushia. Kumi. Ishirini. Nilipofika thelathini na moja, mwanga wa upande mmoja ukazimika. Mama mkwe alikuwa amekaa juu yake.

Alikaa saa nzima. Akanywa chai. Akamsimulia Lenah kwamba Mzee anaamka alfajiri kila siku kufyeka nyasi ufukweni, mahali pa kuegesha mashua yake. Ameshachonga makasia mawili. Wenzake wanamcheka, wanasema mkwe wa Nairobi hajui mbele wala nyuma ya mashua. Anawajibu kwamba heri azame katika mashua ya mwanawe kuliko kuelea katika ya watu. Katika ya mwanawe! Mwanawe ni mimi! Nampenda yule mzee.

Kisha Mama akapiga mbao kwa kiganja. Akasema zimekauka kama kuni. Zinyweshwe maji siku tatu, na huyo anayezikausha kwa moto aje hospitali pamoja naye. Lenah akajibu haraka kwamba mumewe yuko kazini. Hapo ndipo nilipopiga chafya.

Mama akainuka. Bila kuinamisha macho akaiambia mashua, "We mashua, ukimwona mkwe wangu, msalimie sana. Mwambie kiatu chake kimoja kiko nje." Akaenda zake.

Ushauri wake siwezi kuufuata. Kimila, sikuwepo.

Jumanne, 15 Februari

Nimeamka mapema, nimeziba matundu yote thelathini na moja. Kazi safi.

Jioni nimekuta uasi. Mashua imejaa maji, inavuja kama kikapu, na wanawake wa safu nzima wamepanga foleni kutoka bombani kwa ndoo na sufuria. Lenah ndiye jemadari. Nikamwambia ananiharibia kazi. Akasema nimwachie, mashua ni ya baba yake. Aliyasema polepole sana. Nikaingia ndani nikavua viatu.

Alhamisi, 17 Februari

Jana waliongeza ndoo ishirini. Leo sita tu. Chingamu imeanza kushika!

Ijumaa, 18 Februari

Hakuna tone! Maji yamesimama mashuani kama kwenye beseni. Nimemwita Kabiru aje apapase chini. Mkono ukatoka mkavu. Nikamfunulia siri: chingamu, na subira. Akamtazama Lenah. Lenah akatazama mawingu, na hakukuwa na wingu.

Baadaye Kabiru akaleta magunia manne yaliyolowa. Akashauri tuifunike mashua nayo njiani, na tuyamwagie maji kila lori likisimama. Alisema safari njema, akanipa mkono vizuri. Ni mtu mwema. Lakini wivu ni wivu. Anataka ifike na harufu ya magunia.

Jumapili, 20 Februari. Port Victoria

Safari ya siku nzima na usiku. Lenah alikaa mbele na Gichuru, mimi nyuma nikiilinda mashua. Magunia niliyaanika juu ya ubao wa lori, yalipokauka nikayalalia. Mashua ikapigwa na jua na upepo toka Naivasha, ikafika kavu, safi, inang'aa!

Leo mchana kijiji kizima kilishuka ufukweni. Mama mkwe alisimama mbali, amegeuza mgongo. Mzee akaingia na makasia yake, mimi nikafuata, tukasukumwa. Vigelegele! Hatua kumi, maji kwenye vidole. Hatua ishirini, magotini. Kisha tukatua chini taratibu, tumekaa vile vile, maji kifuani. Vigelegele vikakatika.

Sikuweza kumtazama. Mbele ya watu wake wote! Nilitamani ziwa liwe na kina zaidi. Nikasema Mzee nisamehe.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Akachota maji kwa viganja viwili akanawa uso, akasema miaka miwili, mwanangu, miaka miwili sijalowa. Vijana wakaja kutuinua. Mzee akakataa kutoka. Alisema mashua iachwe hapo hapo chini ya maji hadi Jumatano, na yeye aachwe ndani yake kidogo.

Jumatano, 23 Februari

Wameiinua, wameitoa maji, wameirudisha ziwani. Inaelea! Haivuji popote. Mzee alitoka peke yake kukipambazuka na kurudi na samaki wanne aina ya ngege. Mkubwa kuliko wote akaamuru nipikiwe mimi. Nilikula huku machozi yananitoka. Nikasema ni moshi.

Alhamisi, 24 Februari. Ndani ya treni kutoka Kisumu

Nimelifikiria jambo hili tangu tuondoke, na sasa nimelielewa kabisa. Nimemweleza Lenah. Ile mashua ni mzaliwa wa Nairobi. Ilipoliona ziwa mara ya kwanza ilishtuka, kama mgeni yeyote. Ilihitaji siku tatu tu kuzoea. Hayo mambo ya mbao kunywa maji ni imani za wazee, tusiwavunjie heshima.

Lenah amegeukia dirisha. Mabega yanamtikisika. Sikujua kama ananionea fahari kiasi hiki. Nimempa kitambaa changu ajifute machozi.